Namna ya Kulisoma Soko la Ajira za Uuguzi Tanzania Kabla ya Kulipa Ada na Baada ya Kuhitimu

Mwezi Aprili 2022 Serikali ya Tanzania ilitangaza nafasi 7,612 za kada za afya katika vituo vilivyo chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Walioomba walikuwa 42,558. Majina yalipotoka, waliopangiwa vituo walikuwa 6,876, na nafasi 736 zilibaki wazi kwa sababu katika kada husika hawakupatikana waombaji wenye sifa. Mwaka uliofuata nafasi zilikuwa 8,070 na waombaji 48,705. Takwimu hizi ni za kada zote za afya, si za wauguzi peke yao, lakini kijana anayetaka kusomea uuguzi, au mzazi anayejiandaa kuuza mahindi ya msimu mzima ili alipe ada, anapaswa kuzitafakari kwa muda mrefu kuliko anavyolitafakari tangazo la chuo chochote. Ndani yake kuna mambo matatu yanayoonekana kupingana: vituo vinavyolalamikia upungufu, vijana wenye vyeti wanaokaa nyumbani, na nafasi zinazokosa mtu.

Mambo hayo hayapingani. Yanaonekana hivyo kwa sababu tumezoea kulitumia neno moja, uhitaji, kwa vitu viwili tofauti: wauguzi ambao wagonjwa wanawahitaji, na wauguzi ambao mwajiri ana fedha za kuwalipa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuvitenganisha vitu hivyo, kuhesabu watu unaoshindana nao, na kufanya uamuzi kwa kufuata hesabu badala ya matumaini.

Anza na ikama, kisha uliza kibali

Ikama ni idadi ya watumishi ambayo kituo kinatakiwa kuwa nayo kwa mujibu wa miongozo ya Serikali, kuanzia zahanati ya kijiji hadi hospitali ya kanda. Pengo kati ya ikama na watumishi waliopo ndilo linaloitwa upungufu, nalo ndilo linalotajwa bungeni, redioni na katika vipeperushi vya vyuo. Upungufu huo ni wa kweli na unaumiza: ni muuguzi mmoja wa zamu ya usiku anayezalisha, anayebadilisha dripu katika wodi ya watoto na anayempokea majeruhi wa bodaboda, yote kabla ya saa nane ya usiku. Lakini upungufu haumlipi mtu mshahara. Anayelipa ni mwajiri mwenye fungu, na katika utumishi wa umma fungu hilo hufunguliwa kwa kibali cha ajira kinachotolewa na Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, baada ya kuthibitika kwamba fedha za mishahara zimetengwa.

Katika soko la nyanya, bidhaa ikiadimika bei hupanda, na bei ikipanda wakulima hulima zaidi hadi sokoni kukajaa tena. Soko la wauguzi haliendi hivyo, kwa sababu mnunuzi mkubwa ni mmoja naye hapangi bei kwa kuangalia uhaba. Mshahara wa muuguzi wa Serikali hufuata ngazi zilizokwisha kupangwa, na hauongezeki hata kidogo kwa sababu wilaya moja ina upungufu mara mbili ya nyingine. Ndiyo maana uhaba unaweza kudumu miaka ishirini bila kuzaa hata nafasi moja ya kazi, jambo ambalo mfanyabiashara wa sokoni angeliona la ajabu.

Angalia pia jinsi majengo yanavyoweza kukupotosha. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliojulikana kwa kifupi kama MMAM, ulianza mwaka 2007 ukilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Zahanati hujengwa kwa fedha za maendeleo na kwa nguvu za wananchi wenyewe, wakisomba mawe na kufyatua matofali, ilhali mshahara wa atakayefanya kazi ndani yake hutoka katika fungu jingine kabisa. Siku jengo linapozinduliwa ikama inaongezeka. Kibali kinaweza kufuata mwaka huohuo, au kisifuate kwa muda mrefu. Kwa hiyo ukisikia kwamba vituo vipya vimejengwa mkoani kwenu, usiseme ajira zimekuja. Sema nafasi ya kuomba kibali imepanuka.

Hatua ya kwanza, basi, ni kusoma hotuba za bajeti. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na kati ya Aprili na Juni wizara huwasilisha makadirio yao bungeni. Soma hotuba tatu: ya Utumishi, ya TAMISEMI na ya Wizara ya Afya. Tafuta idadi ya vibali vilivyotolewa mwaka unaoisha, idadi inayoombwa kwa mwaka unaokuja, na sehemu ya kada za afya katika idadi hizo. Angalia kama ni ajira mpya au ajira mbadala. Ajira mpya huongeza idadi ya watumishi, na ajira mbadala huziba tu mapengo ya waliostaafu, waliofariki au walioondolewa kazini. Mwaka ambao karibu vibali vyote ni vya ajira mbadala, foleni ya waombaji haipungui sana, hata kama tangazo lenyewe linaonekana kubwa.

Hatua ya pili ni kushuka hadi kwenye halmashauri. Nenda katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, jitambulishe kwa adabu, omba kuonana na Katibu wa Afya au Muuguzi Mkuu wa Wilaya, kisha uliza maswali matatu. Ikama ya wauguzi katika halmashauri hii ni wangapi? Waliopo ni wangapi kwa kila ngazi ya elimu? Wangapi watastaafu ndani ya miaka mitano, ikizingatiwa kwamba umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60 na kwa hiari ni 55? Swali la tatu halizoeleki, nami nalithamini kuliko yale mawili, kwa sababu wanaostaafu ndio wanaotoa nafasi ambazo fedha zake tayari zimo katika orodha ya mishahara.

Hesabu foleni nzima

Nimewafundisha wanafunzi wa uuguzi kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona kila mwaka ni mwanafunzi kujilinganisha na wenzake wa darasani tu. Siku tangazo litakapotoka, utashindana pia na waliohitimu mwaka jana, mwaka juzi na miaka minne iliyopita, ambao bado hawajapata nafasi. Ukitazama tena zile takwimu za mwanzo, mwaka 2022 waombaji walikuwa takriban watano na nusu kwa kila nafasi, na mwaka 2023 walikuwa takriban sita, ingawa nafasi zilikuwa zimeongezeka. Huenda wengi walioomba mara ya pili walikuwa walewale wa mara ya kwanza, pamoja na wahitimu wapya.

Foleni hiyo hurefuka kwa sababu mafunzo na ajira havitembei kwa mwendo mmoja. Astashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka miwili, stashahada mitatu, na shahada minne ikifuatwa na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Chuo kinachodahili mwaka huu kinadahili kwa ajili ya soko la miaka mitatu au mitano ijayo, na katika muda huo lolote linaweza kutokea kwenye fungu la mishahara. Katika miaka ya 1990, wakati wa mageuzi ya uchumi, Serikali ilisitisha ajira kwa sehemu kubwa, na wahitimu wakabaki mitaani huku wodi zikikosa watu. Mwaka 2016 ajira zilisimamishwa tena kwa ajili ya uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Mwezi Aprili 2017 orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi ilikabidhiwa kwa Rais, na baadaye nafasi zilizoachwa wazi zikaanza kuzibwa. Aliyeanza chuo mwaka 2013 hakuweza kuyatabiri hayo, lakini angeweza kujiandaa kwa uwezekano wa kusubiri.

Kwa sababu hiyo, weka katika bajeti ya familia muda wa kusubiri kama unavyoweka ada. Jiulize utaishi kwa nini ikiwa itakuchukua miaka miwili au mitatu kupata nafasi ya kudumu, na je, mkopo uliokusomesha utasubiri muda huo? Naona ni dhuluma kumchukulia mzazi ada kwa maneno ya "soko lipo" bila kumweleza urefu wa foleni, na nimewahi kumwona mama mmoja akirudi chuoni kuuliza kwa upole kama kuna ofisi ya kupangia kazi, kwa kuwa ndivyo alivyoelewa siku ya usajili.

Chagua ngazi na fani kwa kufuata matangazo

Zile nafasi 736 zilizobaki wazi mwaka 2022 zinafundisha kwamba msongamano haulingani katika kila mlango. Nafasi za Serikali hutangazwa kwa majina yanayofuata elimu: Muuguzi Daraja la II kwa mwenye astashahada, Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II kwa mwenye stashahada, na Afisa Muuguzi Daraja la II kwa mwenye shahada. Kwa kawaida mtu huomba nafasi ya ngazi aliyosomea, kwa hiyo kila ngazi ina foleni yake. Chukua daftari, na kwa mwaka mzima andika kila tangazo la uuguzi unaloliona: ngazi inayotakiwa, idadi ya nafasi, mkoa, mwajiri, na ujuzi wa ziada uliotajwa. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuambia mengi kuliko mtu yeyote anayekushauri kwa maneno ya jumla.

Kwa jinsi ninavyoliona soko, uuguzi wa jumla ndiko kuliko na msongamano mkubwa, na uhaba uko katika ujuzi unaohitaji mafunzo ya ziada: uuguzi wa wagonjwa mahututi, huduma za dharura, chumba cha upasuaji, utoaji wa dawa za usingizi, watoto wachanga wanaohitaji uangalizi maalumu, usafishaji damu kwa wagonjwa wa figo, saratani na afya ya akili. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mashine hununuliwa kwa mwaka mmoja, ilhali muuguzi wa kuitumia huandaliwa kwa miaka. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ilitumika kujenga vyumba vya wagonjwa mahututi na idara za dharura katika hospitali mbalimbali. Kila kitanda cha namna hiyo kinahitaji muuguzi aliye karibu saa ishirini na nne, aliyezoea mashine ya kupumulia na anayejua kusoma mabadiliko ya mgonjwa kabla kengele haijalia.

Hata hivyo, usikimbilie ubobezi ukiwa bado hujafanya kazi wodini. Mafunzo hayo huwa na maana zaidi kwa mtu aliyekwisha kuzoea zamu, na waajiri wengi hupendelea kumwendeleza muuguzi waliye naye. Njia iliyo nafuu ni kuomba, tangu ukiwa katika mafunzo kwa vitendo, upangwe katika idara hizo ngumu ambazo wenzako wanazikwepa, kisha umwombe msimamizi wa idara akuandikie barua inayotaja muda uliokaa na kazi ulizozifanya kwa mkono wako.

Mahali pa kazi na mkataba unaopewa

Wauguzi wengi wangependa kubaki Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, na hospitali binafsi za miji hiyo zinalijua hilo. Panapokuwa na waombaji thelathini mlangoni, mwajiri hana sababu ya kupandisha mshahara, na ndiyo maana muuguzi wa mjini anaweza kulipwa pungufu kuliko mwenzake wa kijijini mwenye cheti kilekile. Zaidi ya hayo, mapato ya hospitali binafsi na za madhehebu ya dini hutegemea sana malipo ya bima. Kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko hulipia, kilipoanza kutumika Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo kwa muda, na msukosuko wa aina hiyo humfikia muuguzi wa mkataba mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaweza kuongeza wagonjwa wanaolipiwa, na hivyo kuongeza ajira katika sekta hiyo, ikiwa malipo yatafika kwa wakati. Ukienda kwenye usaili wa hospitali ya namna hiyo, uliza bila kuogopa sehemu gani ya wagonjwa wao hulipiwa na bima, na mishahara hulipwa tarehe ngapi.

Nje ya miji, hali ni tofauti. Hospitali teule za wilaya zinazomilikiwa na makanisa, vituo vya afya vya pembezoni, na halmashauri zinazoajiri kwa mkataba kwa kutumia mapato ya ndani huwa na waombaji wachache. Kinachowakimbiza watu huko, kwa kiasi kikubwa, ni nyumba, maji, umeme na shule ya watoto. Kabla ya kukataa kituo cha mbali, fika au piga simu uulize kama kuna nyumba ya mtumishi, kwa sababu nyumba ya bure ni sehemu ya mshahara hata kama haimo katika hati ya malipo.

Kuhusu kazi za miradi, soma mkataba ukijua fedha zinatoka wapi na zinaisha lini. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wengi wa miradi ya VVU katika nchi za Afrika walijikuta bila kazi ndani ya wiki chache, wakiwamo wauguzi hodari ambao hawakuwa na kosa lolote. Mradi ni shule nzuri ya takwimu, ushauri nasaha na usimamizi, lakini uuingie huku ukiendelea kuomba nafasi ya kudumu.

Kujitolea nako kunahitaji mpaka. Kunalinda ujuzi wako, kwa kuwa mkono usioshika sindano mwaka mzima husahau, lakini kusigeuke kuwa ajira isiyolipwa. Omba barua inayotaja tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, idara utakazopitia, idadi ya zamu kwa wiki na posho ya nauli na chakula. Usikubali kuachiwa wodi peke yako kama mtumishi kamili; likitokea tatizo, leseni itakayoulizwa ni yako.

Ukifikiria kwenda nje

Shirika la Afya Duniani limeeleza katika ripoti yake ya mwaka 2025 kwamba dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na kwamba upungufu ulikuwa milioni 5.8. Pia linaeleza kwamba takriban muuguzi mmoja kati ya saba duniani anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa. Nafasi za nje, kwa hiyo, zipo, lakini nazo hufuata fedha na siasa za nchi husika. Uingereza iliajiri kwa wingi kutoka nje baada ya UVIKO-19, kisha wanaoingia katika rejista yake wakitokea nje wakapungua sana, na tarehe 22 Julai 2025 ilifunga mlango wa kuajiri wahudumu wa matunzo kutoka ng'ambo. Kazi ya mhudumu wa matunzo si kazi ya muuguzi aliyesajiliwa, na wakala anayekuchanganyia hizo mbili anakudanganya.

Kuna jambo jingine ambalo Mtanzania anapaswa kulijua. Tanzania imo katika orodha ya nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023, lilizitaja kuwa zina uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza huzuia mawakala kuja kuwatafuta wauguzi katika nchi za orodha hiyo. Mtu binafsi anaruhusiwa kuomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri. Kenya haimo katika orodha hiyo na ilisaini makubaliano na Uingereza Julai 2021, ndiyo maana simulizi za jirani yako wa Nairobi haziwezi kuwa ramani yako.

Gharama za njia hizi zihesabu mapema. Uingereza hutaka alama 7 za IELTS, mtihani wa lugha ya Kiingereza, katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, kisha mtihani wa kompyuta na ule wa vitendo. Marekani hutaka NCLEX-RN, yaani mtihani wa leseni ya wauguzi, na foleni ya viza inaweza kuchukua miaka. Ujerumani hutaka lugha yake kwa ngazi ya B2 (juu kidogo ya wastani) pamoja na utambuzi wa cheti. Nchi za Ghuba huhakiki vyeti kupitia kampuni ya DataFlow na kwa kawaida hutaka uzoefu wa kazi, jambo linalokurudisha nyumbani: bila miaka miwili ya wodini hapa, milango mingi ya huko haifunguki. Wakala yeyote anayekuomba fedha, kwanza hakiki kama amesajiliwa na mamlaka za kazi nchini.

Faili liwe tayari kabla ya tangazo

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hukaa wazi kwa takriban wiki mbili, na watu wenye sifa hukosa nafasi kwa sababu ya karatasi. Fungua akaunti yako katika Ajira Portal, mfumo wake wa kuombea kazi mtandaoni, ukiwa bado muhula wa mwisho. Linganisha majina katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Yakitofautiana, shughulikia hati ya kisheria mapema, kwa maana msimamizi wa usaili hana mamlaka ya kukuamini kwa maelezo ya mdomo. Matokeo ya chuo yakitoka, fuatilia mara moja usajili na leseni katika Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na usiiache leseni ikaisha muda wakati unasubiri kazi. Ukiitwa kwenye usaili ukafaulu bila kupangiwa kituo, jina lako huweza kuhifadhiwa katika kanzidata na kutumika nafasi nyingine inapopatikana, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu uliyoandika, na ingia katika akaunti yako kila wiki.